Tunausingizia wakati

Saa nne na nusu asubuhi, Roche Abbey, gofu la abasia, yaani nyumba ya watawa, kusini mwa Yorkshire, Uingereza. Mvua ilikuwa imekatika punde, na kuta mbili ndefu zilizobaki za kanisa zilikuwa zimelowa upande mmoja tu, ule ulioelekea upepo. Nilikuwa nimesimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu nikisubiri wingu lisogee. Mzee mmoja mwenyeji, naye ana kamera shingoni, akasimama karibu yangu, akatazama juu kwa kitambo, kisha akasema taratibu kama mtu aliyeko msibani: tazama wakati ulivyofanya kazi yake.

Niliitikia. Ni kauli ambayo mtu huitikia tu.

Wingu likasogea, nikapiga, na picha ikatoka nzuri kuliko nyingi nilizopiga kwenye magofu ya nchi hii: mawe meupe, majani mabichi, kunguru wawili angani. Nikarudi nayo Leeds. Lakini kila nilipoifungua kwenye kompyuta ile kauli ya mzee ilirudi, na kila iliporudi nilihisi kuna anayesingiziwa.

Wiki zikapita. Picha sikuiweka popote.

## Abasia yenye hospitali

Mimi ni mtu wa kusini mwa Tanzania. Kabla sijaona jiwe hata moja la Uingereza, abasia niliyoijua ni Ndanda. Watawa Wabenediktini walifika pale 1906, na aliyewahi kupita njia ya Masasi anajua palivyo: hospitali, shule, karakana, kiwanda cha uchapaji, kengele. Nililazwa pale utotoni, mtoto wa Waislamu, na hakuna aliyeniuliza dini yangu. Kwangu abasia ni mahali penye watu, foleni, na harufu ya dawa.

Ndiyo maana nikiingia kwenye gofu la watawa huku Ulaya, jicho langu halianzi na madirisha. Linatafuta jiko. Linatafuta wagonjwa walilazwa wapi, maji yaliingilia wapi na kutokea wapi.

Roche inamfaa sana mtu mwenye jicho hilo. Kuta zilizosimama ni chache, ila misingi karibu yote imefichuliwa, na unaweza kuitembea abasia nzima: hapa kanisa, hapa ua wa ndani, hapa ukumbi wa chakula, na kijito kikipita katikati ya yote. Ilianzishwa 1147 na Wasistersiani, watawa walioshika kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto inayofuatwa Ndanda. Bruda wa Ndanda ukimshusha pale leo hatahitaji ramani.

Shaka yangu ilianzia hapo. Mahali pa namna hiyo hapafi kwa uzee. Paa likivuja mtu anapanda kuliziba. Ukuta ukipasuka fundi anaitwa. Kanisa Kuu la Durham, mwendo wa saa chache kaskazini, lilianza kujengwa 1093, yaani ni kongwe kuliko Roche, nalo lilikuwa la watawa vilevile. Lilinusurika kwa kuwa lilikuwa pia kanisa la askofu. Jumapili hii watu wataingia humo kusali, na juu yao kutakuwa na dari.

Mvua ya Durham na ya Roche ni ileile.

## Mlango wa peni mbili

Mwisho wa Roche una tarehe: 23 Juni 1538. Habari za Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, aliyejitenga na Papa, na wake zake kila mtu anazijua, sitazirudia. Inatosha kusema kwamba kati ya 1536 na 1540 nyumba za watawa zaidi ya 800 zilifungwa, na mali yake ikaenda kwa mfalme.

Magofu mengi ya kipindi kile hayana shahidi, yana hesabu tu za maofisa. Roche inaye. Michael Sherbrook, padri wa kijiji jirani cha Wickersley, alikuwa mtoto mdogo abasia ilipofungwa, na miaka mingi baadaye aliandika yale aliyosimuliwa na watu wa nyumbani kwake waliokuwepo. Nimeyasoma maandishi hayo mara nyingi msimu huu, usiku, picha yangu ikiwa wazi upande wa pili wa kioo.

Mjomba wake alikuwa na rafiki kati ya watawa. Siku ile ya kufukuzwa, kila mtawa aliachiwa chumba chake na vilivyomo, na ndani hamkuwa na kitu cha maana isipokuwa kitanda na nguo. Yule rafiki akamwomba mjomba anunue chochote. Mjomba akasema haoni kitu cha kumfaa. Basi nipe peni mbili kwa mlango huu, mtawa akasema, mlango ambao kuutengeneza kuligharimu kama shilingi tano, yaani peni 60. Mjomba akakataa. Alikuwa kijana hajaoa, hana nyumba, mlango wa nini?

Nimeupiga picha upenyo wa mlango mmoja pale Roche, kizingiti kimelika katikati kwa nyayo. Sijui kwa nini kisa cha kijana asiye na nyumba na mtawa asiye na pa kwenda kinaniuma zaidi ya kanisa zima.

Kisha ikaja zamu ya kanisa. Mabati ya risasi, ile metali laini na nzito, yakang'olewa juu ya paa ili yayeyushwe, kwa sababu risasi ilikuwa pesa. Viti vya kwaya walivyokalia watawa vikachomwa kuyeyushia risasi hiyo, na Sherbrook anaongeza jambo linaloonyesha hasira yake: kuni zilijaa kila mahali, abasia imezungukwa na misitu. Hawakuhitaji viti vile. Vyombo vya chakula viliibwa vikafichwa miambani. Vitabu vya ibada vikageuzwa viraka vya kuzibia maturubai ya magari ya kukokotwa. Watu waling'oa hata kulabu za chuma ukutani.

Nao si wageni waliotoka mbali. Ni majirani, wengi wao wale waliokuwa wakisali humo siku chache kabla.

## Baba yake

Baba yake Sherbrook naye alinunua. Yeye na wenzake walichukua sehemu ya mbao za kanisa, pamoja na mbao zote za mnara na fremu iliyobeba kengele.

Miaka kama thelathini baadaye mwana akamuuliza: ulikuwa unawaona watawa ni watu wema? Baba akajibu ndiyo, sikuwa na sababu ya kuwaona vingine. Basi ilikuwaje ukawa mwepesi wa kuharibu kitu ulichokiona chema? Na jibu la yule mzee, kwa maneno yangu, ni hili: ningefanya nini? Nami nisipate chochote kwenye ngawira kama wenzangu? Niliona vyote vinaondoka, nikafanya walivyofanya wengine.

Nikiusoma mstari huo huwa nasimama hapo.

Hamna chuki ndani yake, wala dini mpya, wala utii kwa mfalme. Ni mtu wa kawaida, mwenye familia, aliyeona mbao nzuri zinagawanywa. Nimejaribu kumkasirikia nikashindwa, kwa sababu nimewahi kuwajua watu wa namna yake, na ni watu ninaowapenda.

## Jinsi ukuta unavyoeleza

Baada ya hapo nilirudi kwenye magofu nikiwa na swali moja tu: kamera inaweza kuonyesha mkono wa mtu?

Inaweza, ukijua pa kuelekeza. Ukuta wa abasia hizi si jiwe tupu kutoka upande hadi upande. Ni ngozi mbili za mawe yaliyochongwa vizuri, na katikati kumejazwa vifusi na chokaa. Mvua na barafu huanzia juu, pale ukuta ulipopoteza kofia yake. Mtu huanzia anakofikia mkono. Ukiona ukuta ambao juu bado una mawe yake laini, na chini umechunwa hadi vifusi vinaonekana, hapo si hali ya hewa iliyopita. Hapo palisimama mtu na mtaimbo, na gari la ng'ombe likimsubiri.

Mwanga wa kulionyesha hilo ni wa pembeni. Jua la majira ya baridi ni zawadi: Desemba, katika latitudo hii, saa sita mchana jua halipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi juu ya upeo. Sisi tuliokua chini ya jua la utosini hatukuzoea mchana mzima wenye vivuli virefu. Mwanga huo ukiparaza ukuta, kila alama ya tindo inajitokeza, kila tundu la kulabu iliyong'olewa linakuwa jeusi. Mawe ya Roche ni ya chokaa, meupe, na mwanga ukizidi kidogo alama zake hupotea kwenye picha, kwa hiyo napunguza mwanga wa kamera kuliko inavyopendekeza yenyewe, nakubali anga iwe nzito. Lenzi pana nimeiacha nyumbani. Inatoa picha za kusifiwa, kuta zikiegemeana kwa huzuni, lakini inasukuma mbali vitu vyote vidogo, na ushahidi uko kwenye vitu vidogo.

Rievaulx ndiyo iliyonifundisha zaidi. Abasia ile ilianzishwa 1132 kwenye bonde jembamba la mto Rye, na bonde likalazimisha kanisa kugeuka: badala ya kuelekea mashariki kama desturi, limelala karibu kaskazini kwa kusini. Dirisha kuu ambalo kwingine lingepokea jua la asubuhi, hapa linalipokea mchana. Geti likifunguliwa saa nne, mwanga tayari unaingia ubavuni.

Ilifungwa 3 Desemba 1538, ikaenda kwa kabaila Thomas Manners, Earl wa Rutland. Maagizo ya kuivunja yalibaki kwenye karatasi zake, na yana utaratibu wa kutisha. Vioo vya madirisha vigawanywe mafungu matatu: vilivyo bora vitunzwe, vya kati viuzwe, vilivyobaki vitolewe kwenye fremu zake za risasi, na risasi iyeyushwe. Risasi ya mapaa ilikuwa ya mfalme. Iliyeyushwa humohumo kanisani ikawa vipande vizito vyenye mhuri wake, kisha sehemu ya jengo ikaporomoka ikavifukia. Vilikaa chini ya kifusi hadi miaka ya 1920 wachimbaji walipovikuta, na risasi hiyo ikatumika kukarabati dirisha la Five Sisters la York Minster, kanisa kuu la mji wa York, lililofunguliwa upya 1925 kwa kumbukumbu ya wanawake wa Dola ya Uingereza waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Nilikwenda York kulipiga dirisha hilo. Ni vioo vya kijivu na kijani hafifu, virefu mno, na kati ya kipande na kipande kuna mstari mwembamba mweusi. Nilitumia saa nzima kuitazama mistari ile badala ya vioo.

## Ngome, kwa ufupi

Ngome nazipenda kidogo kuliko abasia, maana zilijengwa zikitarajia kupigwa. Hata hivyo habari yake ni hiyohiyo. Helmsley, karibu na Rievaulx, mnara wake wa mashariki umepasuka nusu kwa nusu. Unafaa sana kwenye kalenda. Ni baruti: baada ya ngome kusalimu amri 1644 kwa jeshi la Bunge, lililokuwa likipigana na mfalme, iliharibiwa makusudi isitumike tena.

Ya Pontefract ilizingirwa mara tatu kati ya 1644 na 1649. Wenye mji wenyewe, wamechoka kuishi chini ya mizinga, wakaliomba Bunge ibomolewe, na mwaka huohuo wa 1649 ikabomolewa. Leo kimebaki kilima chenye vipande vya kuta, watoto wanakimbia, nami sina neno la kuwalaumu wale waombaji. Naitaja kwa sababu sitaki mtu adhani namtafuta mwovu kila penye gofu. Namtafuta mtu tu. Alikuwepo.

## Uzuri uliopangwa

Jambo la mwisho kunisumbua ni lile lililonivutia kwanza, yaani uzuri.

Mandhari ya Roche ilipangwa. Katika miaka ya 1770 Earl wa Scarbrough alimwajiri Capability Brown, mpanga bustani maarufu kuliko wote wa zama zile, ailaze abasia ndani ya bustani yake. Brown akafukia misingi kwa udongo na majani, akaondoa kuta zilizomharibia mandhari, akaacha zile mbili ndefu zisimame peke yake juu ya nyasi. Misingi ninayoitembea ilikuja kufukuliwa karne ya 20. Juu ya Rievaulx, yapata 1758, Thomas Duncombe alisawazisha ukingo wa kilima na kufyeka mapengo mitini ili wageni wake, wakitembea baada ya chakula, walione gofu likijitokeza na kufichika. William Gilpin, padri aliyewafundisha Waingereza wa karne ile namna ya kutazama mandhari, alipita Tintern, gofu jingine la abasia, huko Wales, mwaka 1770 akaona ncha za kuta zimenyooka kupita kiasi. Akaandika kwamba nyundo ikitumiwa kwa busara ingesaidia.

Nyundo.

Kwa hiyo nilipoisubiri ile nafasi ya wingu Roche, nilikuwa nimesimama mahali ambapo mtu wa miaka 250 iliyopita alitaka nisimame, nikihisi alichotaka nihisi. Watu wa mfalme waliondoa paa. Majirani waliondoa milango. Brown aliondoa ushahidi. Na sisi wenye kamera tunamalizia kwa kuandika chini ya picha kwamba ni miaka ndiyo iliyofanya.

Siachi kupiga kuta ndefu. Ni nzuri, na uzuri wake haukunikosea. Ila sasa natembea pia nje ya uzio. Ukishuka vijiji vilivyo jirani na abasia hizi utakuta banda la ng'ombe lenye jiwe moja limechongwa ua, ukuta wa shamba wenye kipande cha nguzo kimelazwa ubavu. Nabisha hodi, naomba ruhusa. Wengi wanakubali, na wengine wananiambia hawajawahi kuliona lile ua ingawa wamelipita maisha yao yote.

Picha ya kwanza nitaiweka wiki hii. Chini yake nimeandika: Roche Abbey, ilivunjwa kuanzia Juni 1538 na watu wa mfalme na majirani.

## Simu ya Kilwa

Nilipokuwa natafuta maneno hayo nilimpigia mjomba wangu, kaka yake mama, anayeishi kijiji cha pwani si mbali na Kilwa Masoko. Kilwa Kisiwani yenyewe inalindwa, ipo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, na kila mtoto wa shule ameisoma. Kijijini kwetu kuna magofu madogo yasiyo na kibao: nyumba mbili tatu za mawe ya matumbawe, zimebaki kiunoni. Tuliambiwa utotoni kwamba zilikufa zenyewe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Baridi ya huko?"

Nikamweleza habari za Roche, za yule baba na mbao za mnara. Alinisikiliza bila kunikatiza, na si kawaida yake. Kisha akaniuliza kama naikumbuka nyumba ya babu, ule ukuta wa nyuma unaoelekea jikoni. Naukumbuka. Tulikuwa tunaegemea pale tukikuna nazi.

"Yale mawe babu yako hakuyachimba," akasema. "Aliyakuta watu wanayabeba kule kwenye magofu, wengine kujengea, wengine kuchomea chokaa. Akaona yataisha. Akaenda na yeye."

Nikamuuliza kama alijua yalikuwa ya nani.

"Ya watu wa zamani. Moja lina nakshi. Ya mlango nadhani. Aliligeuza ndani, nje akaweka upande ulio sawa."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kuagana. Babu yangu nilimpenda. Alikuwa mtu wa kurudisha chenji iliyozidi. Nimejaribu kumuuliza kichwani swali la Sherbrook, na jibu linakuja bila taabu, kwa sauti yake, kwa Kiswahili cha kwetu.

Mjomba amekubali nije na kamera. Jiwe lenye nakshi halionekani bila kutoa mawili ya mbele yake, na binamu yangu ameshanunua saruji ya kuupiga lipu ukuta wote kabla ya masika. Nimemwomba asubiri hadi Januari. Amesema atasubiri, lakini saruji ikikaa sana inaganda, kwa hiyo nisichelewe.